Harufu ya Mbeleko

Mkwe wangu Josepha, mjane, alinifungia chumbani, mwanangu Modest akambeba yeye, eti nimembemenda. Mume wangu Nikolaus aliniacha na mimba akaenda vitani Bama, kuwapigania Waingereza. Mtoto alipotoka majipu mapajani, mama mkwe akaapa kwamba nanyonyesha huku nalala na wanaume. Mimi! Nilale na nani hapa Kwihara, mbuzi?

"Jumapili shemeji yako Justus anakuja kukurudisha kwenu," alisema mlangoni. "Mtoto anabaki."

Ee Mungu wangu! Nikawa naingiziwa Modest anyonye, akishiba ananyakuliwa. Maziwa yalinichuruzika, nikalia mpaka nikajichukia. Kisha nikajikalia kwenye kitundu cha dirisha, maana hapakuwa na kingine cha kutazama.

Kwa Josepha vitambaa vya mtoto havianikwi juani, wapita njia wasije wakavitilia kijicho. Huvitandaza kivulini nyuma ya ghala, pamoja na mbeleko. Na kwa kuwa vita imetumalizia sabuni, ni kuchovya maji tu, mkojo unabaki palepale. Basi nikamwona nzi mkubwa wa manjano. Gauni langu nililolifua kwa majivu alilipita. Akafuata harufu ya mkojo, akashusha mkia kwenye mbeleko, akataga.

Jioni, Modest akinyonya, jipu moja likacheza chini ya kidole changu.

"Mama! Majipu haya ni watoto wa nzi! Anaufuata mkojo kwenye vitambaa!"

"Mzinzi hakosi neno," akanijibu, akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ileile.

Jumapili Justus alifika, akanifungulia, akaniambia nifunge mzigo wangu. Josepha alisimama mlangoni na Modest mgongoni, akijikuna kiuno kwenye mwimo.

"Mama, una nini?" Justus akauliza.

"Vijipu tu."

Justus akasogeza mbeleko, akaminya kimoja. Akatoka funza mnene, mweupe, anajinyonganyonga.

Hasira zote za chumba kile zikanipanda. "Shemeji, muulize na mama kalala na nani!"

Mjane wa watu akafungua mbeleko, akanirudishia mwanangu. Akaketi kizingitini, akanipa mgongo.

"Anza na mtoto," alisema. "Mimi nitangoja."