Redio Isiyoguswa

Mzee Havugimana alileta Peugeot 404 yake kwenye karakana yangu pale Ndosho siku ya Jumatatu asubuhi. Akazima injini, akashuka, akalizunguka gari lote akilitazama kama mzazi anayemwacha binti yake shule ya bweni. Kisha akaniuliza kama mikono yangu ni safi. Mimi Émérance ni fundi wa redio na umeme wa magari kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari za mikono. Nilimwonyesha. Akaniomba ninawe tena.

Gari lenyewe, tuseme haki, ni zuri. Ni la mwaka 1967, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na limepitia vita vingi kuliko watu wengi ninaowajua. Wakati wa vita fulani lilikaa nyuma ya ukuta wa mawe ambao mzee aliujenga mwenyewe kwa siku mbili. Wanajeshi walikuja, wakala kuku wake wote, wakakaa kivulini wakiegemea ukuta ule ule, wakaenda zao bila kuliona. Hadithi hiyo nilisimuliwa mara tatu kabla sijafungua hata skrubu moja.

Alichotaka ni hiki. Redio ya gari ilikuwa imekufa zamani, lakini yeye alikuwa amewatangazia wazee wenzake wote, wale wanaobaki kwenye uwanja wa parokia baada ya misa, kwamba ndani ya gari lake hakuna kitu kilichowahi kubadilishwa. Hasa alimtangazia Achille, makanika mstaafu, mtu mwenye jicho la kunguru. Sasa alitaka muziki wa kisasa, mzito, unaotoka kwenye simu bila waya, na jicho la Achille lisione kitu. Alinikataza kutoboa tundu hata la sindano.

Nilimwambia kwamba kazi hiyo inawezekana ila yeye asikae karibu. Akaleta kigoda, akakaa karibu.

Siku nne nilifanya kazi nikiwa na pumzi ya mzee shingoni. Niliitoa matumbo redio ya zamani, nikaacha uso wake na vifundo vyake viwili vya kuzungusha. Yale matumbo mzee aliyafunga kwenye gazeti, akayapeleka nyumbani kama mtu aliyeng'olewa jino. Mashine mpya niliiweka ndani kabisa ya dashibodi, nikaiunganisha na kifundo cha kushoto ili sauti iongezwe na kupunguzwa palepale pa zamani. Spika nne kubwa nilizificha chini ya viti na nyuma ya kiti cha abiria, na ampli, kile kisanduku kinachoipa sauti nguvu, nikaifungia kwenye buti chini ya gurudumu la akiba. Kila waya ulipita njia ya waya wa zamani. Sijisifu, lakini hata mimi nilipomaliza nilitafuta kazi yangu nisiione.

Tulipoijaribu, wahunzi wa jirani waliacha nyundo. Mzee alifumba macho. Kisha akayafumbua, akanitazama kwa ukali, akaniapisha kwamba siri hiyo nitakwenda nayo kaburini. Nilinyamaza tangu siku hiyo, na kwa mtu wa Ndosho kunyamaza ni kazi kubwa kuliko ya waya.

Jumapili iliyofuata, nasikia, Achille aliingiza kichwa dirishani, akanusa, akagonga dashibodi kwa kucha, kisha akauliza redio ya mwaka 1967 imejifunzia wapi wimbo uliotoka mwezi jana. Mzee alimjibu kwamba watu wa zamani walikuwa wanatengeneza vitu vya kudumu. Jibu hilo halikujibu kitu chochote, lakini alilisema kwa sauti nzito na wazee wakatikisa vichwa. Hivyo ndivyo alivyoishi miezi mitano, akiendesha polepole juu ya mawe ya volkano, vioo vimeshushwa, akijifanya hasikii watu wanavyosifu.

Halafu mwezi wa Novemba vita vikafika Kibumba, kule juu kaskazini mwa mji wetu.

Ninyi mnaojua barabara ya Rutshuru mnajua ilivyokuwa. Watu walishuka na magodoro kichwani, na mbuzi, na masufuria yenye maharage yaliyoiva nusu, wakajaa Kanyaruchinya, mlangoni mwa mji, mpaka hapakubaki mahali pa kuweka mguu. Siku ya tatu Mzee Havugimana alikuja kwangu kwa miguu, viatu vimejaa tope, hajanyoa. Aliniomba nimwazime kipaza sauti cha mkononi.

Dada yake mkubwa, Laurence, ambaye yeye humwita Yaya, alikuwa anaishi Kibumba peke yake. Umri wake ulikuwa umepita sabini na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Jirani yake alisema alimleta amemshika mkono mpaka Kanyaruchinya, wakasukumwa na watu, mikono ikaachana. Mzee alikuwa amemtafuta kikongwe kwa kikongwe siku mbili nzima. Laurence simu hana, haoni njia, na usiku mvua ilikuwa inanyesha juu ya watu wasio na kitu cha kujifunika. Mzee alisema hayo yote akitazama meza yangu. Nilimhurumia sana.

Kipaza sauti sikuwa nacho. Nikamwambia: "Lakini wewe uko nacho, muzee. Kina milango mine."

Hakuelewa. Nikamweleza. Simu yake ikae ndani ya gari, imeunganishwa na mashine. Mimi naipigia kwa simu yangu, yeye anasema kwenye simu yangu akiwa nje, na sauti yake inatoka kwenye spika zote. Tukifungua milango yote na buti, watasikia mpaka ng'ambo ya barabara.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama buti ni lazima.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimwambia kama anataka tufunge buti tuifunge, dada yake akae mvuani, Achille asione ampli. Mzee aliinamisha kichwa, akatoa ufunguo mfukoni, akanipa. Alikuwa hajawahi kumpa mtu mwingine ufunguo ule.

Tulifika Kanyaruchinya saa sita mchana. Na nani alikuwa pale kando ya barabara, ametumwa na parokia kugawa uji, mwiko mkononi? Achille. Mzee alimwona. Akasimamisha gari hatua kumi kutoka kwake, akafungua milango yote minne, akaenda nyuma, akafungua buti, akalitoa gurudumu la akiba na kuliweka chini kwenye tope. Ampli ikaonekana na taa zake za buluu. Achille aliangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea na uji. Tangu siku ile namheshimu.

Mzee alishika simu yangu, akaita: "Laurence wa Kibumba. Laurence binti wa Nsanzimana." Sauti ilitoka kwenye Peugeot kubwa na safi, ikapiga mlima ikarudi.

Watu wakanyamaza. Halafu wakaanza kusogea, si kuja, bali kwenda. Mama mmoja alivuta kanga usoni. Vijana walisimama wakageuka mgongo. Dakika chache tu, kulizunguka gari pakawa peupe.

Lilikuwa kosa letu, na tungepaswa kulijua kabla, sisi tuliokulia hapa. Katika vita vyetu mtu akiitwa jina lake kwa kipaza sauti haitiki. Anayeita ana orodha, na orodha haijawahi kumletea mtu mema. Hata mimi ningesikia "Émérance wa Ndosho" kutoka kwenye gari nisilolijua ningekuwa tayari nyuma ya nyumba.

Mzee aliteremsha simu. Nilidhani atalia. Badala yake aliipandisha tena, akavuta pumzi, akaanza kuita ng'ombe. Si kwa maneno ya kawaida, bali kwa ule mwito mrefu wa wachungaji wa kule juu, sauti inapanda, inakaa, inashuka, na mwisho wake jina. Gitare, yule mweupe. Gaju. Ruyenzi. Walikuwa ng'ombe wa baba yake, waliokufa miaka sitini iliyopita, na yeye na Laurence ndio waliowachunga. Watu walianza kugeuka. Mzee mmoja alicheka peke yake, akajifuta macho. Hakuna mwenye orodha anayeita ng'ombe.

Aliwaita saba. Kisha akasubiri. Hakuna aliyekuja.

Nilimwuliza kama hao ndio wote. Akasema ndio wote. Lakini alisema haraka mno, na mimi namjua mtu anayenificha kitu, nimeshughulika na wateja maisha yangu yote. Nikamwuliza tena. Akafunika simu kwa kiganja, akanieleza.

Alikuwapo wa nane, Bihogo, aliyependwa kuliko wote. Siku moja ilikuwa zamu ya Havugimana kuchunga, naye akalala. Bihogo akashuka kwenye bonde lenye mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini isiyoonekana wala kunuka, akafa palepale. Kijana akamwambia baba kwamba zamu ilikuwa ya Laurence. Laurence alipigwa. Kisha baba akamtoa shuleni akae na ng'ombe mpaka ajifunze kuwaangalia, na nafasi yake shuleni kwa masista na mapadri akapewa Havugimana. Yeye akasoma, akawa karani wa kampuni ya kahawa, akanunua Peugeot. Dada yake hakurudi shuleni tena. Na katika miaka sitini hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata mara moja.

Nilimwondolea kiganja juu ya simu.

Akaita: "Bihogo." Ule mwito ulikatika katikati. Akasema maneno kwa Kinyarwanda, kisha akayarudia kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka na sisi wengine tuyajue: "Bihogo, njo miye nilimuua. Nililala. Yaya hakukuwa kule. Nilimudanganya papa."

Achille aliweka mwiko chini.

Hatua ishirini tu kutoka kwenye gari, penye kundi la vikongwe waliojifunika turubai moja, mtu mmoja alisimama. Alikuwa mdogo, mwembamba, amekumbatia kifuko cha maharage. Mama mmoja akamshika kiwiko, akamleta polepole. Mzee alianza kumkimbilia. Dada yake akasikia hatua zake, akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kumzuia. Mzee akasimama kama mwanafunzi.

Laurence alipapasa mpaka akagusa mlango wa gari. Akaupitisha mkono juu yake, kuanzia kwenye kioo mpaka kwenye bawaba, taratibu, mimi nikilia bila kujificha. Kisha akageuza uso upande wa ndugu yake.

"Nilikusikia tangu kwa Gitare," alisema. "Nilikuwa nangoja nione utaishia wapi."

Mzee alisema, "Yaya."

"Ile ya mwisho sikuisikia muzuri," alisema Laurence. "Ongeza sauti, urudilie."

Mzee aliingiza mkono ndani ya gari, akazungusha kifundo cha kushoto mpaka kikagoma, akaweka simu mdomoni, akarudilia yote.