Kipande Alichobakisha Ulfat

Dokta Naznin alitumia nusu ya umri wake kusoma namna ardhi inavyopasuka, lakini kuandika neno moja juu ya kopo kulimshinda. Udongo aliouchimba bara, kwenye kingo za Bonde la Ufa, aliutia katika kopo la biskuti, akaliweka kabatini jikoni kwa mama yake, huko visiwani mtaa wa Kiponda, kwa kuwa ndilo kabati pekee lisiloingia unyevu. Ulikuwa udongo mweupe, majivu ya volkano ya kale. Umri wake ungemwambia lini bonde lile lilianza kufunguka, swali alilolikimbiza tangu uanafunzi wake. Na pa kuuchota tena hapakuwapo, maana machimbo yalishafukiwa kupisha barabara.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta wifi yake Ulfat, mke wa kaka yake Zain, kakaa sakafuni jikoni, mimba imeshatangulia mbele, kopo liko mapajani. Midomo yake ilikuwa myeupe pe.

"Karibu, wifi," alisema Ulfat, akijifuta kwa haya. "Mama kanambia umenletea udongo. Wa sokoni Darajani haufui dafu kwa huu! Unanukia mvua."

Naznin akalitazama kopo.

"Umebakisha?"

Hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka. Hakuuliza amekula kiasi gani, wala anajisikiaje. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekuta kuku wamemaliza mbegu, na mama yake, Bi Nurjehan, alikuwa kasimama mlangoni akisikia. Kisha ndipo akili ilipomrudia. Majivu ya volkano huweza kubeba sumu za madini, kama risasi na aseniki, na katika nyumba ile nzima aliyejua hayo ni yeye peke yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kimebaki hiki," Ulfat alimwonyesha kipande mfano wa kete ya bao. "Nnakula kidogo kidogo tangu juzi. Kwani kuna nini?"

Alipoelezwa, aliliweka kopo chini, akashika tumbo.

"Mie ndiye n'liyempa," alisema Bi Nurjehan. "Udongo mkavu, mweupe, umo koponi, na nyumbani mna mja mzito. Ningejuaje?"

"Hungejua, mama. Mie ndiye niliyenyamaza."

Kipande kile kilitosha kazi moja tu. Kikisagwa chote, pengine zingepatikana chembe za kupimia umri. Kikimeguliwa kupima sumu, umri basi tena. Mtu mwenye utu asingekuwa na la kufikiri hapo. Naznin alifikiri, kipande kiko kiganjani, mpaka chai ikapoa. Alijiambia kwamba wanawake wa visiwani wamekula udongo tangu enzi na enzi na wakazaa salama. Alijisikia anavyojibembeleza, akajichukia, akaona hastahili hata kuitwa shangazi. Asubuhi alimpeleka Ulfat hospitali akatolewe damu, kisha akaenda maabara akakipima kipande kwa sumu.

Majibu yalimfikia kwenye simu siku chache baadaye. Udongo ulikuwa na risasi kidogo tu, aseniki kidogo tu, na damu ya Ulfat ilikuwa safi. Naznin alikaa ngazini akalia kwa furaha. Katikati ya furaha ile akajikuta anaulilia na udongo wake, akajiambia, "Wallahi, mie sina haya."

Ijumaa ndugu zake Ulfat walikuja kutoka Tumbatu na pweza wao, sinia ikaandaliwa, na Ulfat akaanza kusimulia.

"Nyinyi wifi yangu hamumjui. Mwengine angenigombeza. Yeye neno lake la kwanza, 'Umebakisha?' Keshawaza zamani atakipima kilichobaki kwa ajili ya mwanangu! Kakiharibu kitu cha kazi yake ya miaka, na yeye hakunambia, aliyenambia ni Zain. Basi mtoto akiwa mwanamke, ntamwita Naznin."

Wageni wakapiga vigelegele. Naznin alilirudisha tonge siniani. Alitaka kusema kweli yote palepale, lakini akauona uso wa Ulfat ulivyojaa furaha.

"Mpe jina jengine, wifi," alisema. "Nakuomba."

Wote wakacheka, wakasema wasomi wana staha. Bi Nurjehan peke yake hakucheka.