Soketi ya Chumba cha Nyuma

Mganga hajigangi, na fundi simu huyu alikuwa ushahidi tosha. Mji mzima alishautandazia nyaya: maofisi, maduka, hata banda la kuku la tajiri mmoja aliyetaka kusikia simu huku akiokota mayai. Kwake mwenyewe simu ilikuwa moja, sebuleni, na waya wake haukufika chumba cha nyuma alikolala baba mkwe wake, ambaye miguu ilishamgomea.

Kila Jumapili mdogo wa mzee huyo alipiga kutoka mbali. Mke wa fundi alipokea, kisha akawa tarishi kati ya sebule na chumba. "Baba, anakusalimu." "Mwambie nami namsalimu." Ndugu waliolala mkeka mmoja utotoni wakawa wanazungumza kwa mkalimani. Fundi aliahidi soketi ya simu chumbani humo tangu mvua za mwaka uliopita, akapiga kalenda mpaka mzee akambandika jina: Bwana Kesho.

Siku kumi zilizopita, yule mdogo wa mzee alifariki. Kifua cha mzee kilikuwa kibaya, mke akaomba asiambiwe kwanza; Jumapili akamwambia simu ya mbali haikuingia. Fundi alishindwa kula. Basi, mwenye hatia moyoni hakosi kufanya la kijinga: Jumamosi asubuhi alichukua keekee, bisibisi, simu ya pili na mzingo wa waya, akaanza kutoboa ukuta wa chumba cha nyuma. Hakujiuliza hata mara moja mzee atataka kumpigia nani.

"Leo jua limechomoza magharibi!" mzee alisema, akijiinua kwenye mto. "Ukimaliza, mwanangu, nipigie mdogo wangu. Namba yake ninayo kichwani. Usimwambie ni mimi, nataka nimshtue."

Bisibisi ilimteleza fundi ikamchuna kidole. Zilibaki nyaya mbili tu za kufunga, kazi ya dakika moja. Akafunga mmoja. Wa pili akauacha ukining'inia nyuma ya kifuniko, makusudi, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mteja kazi nusu. Kisha akampa mzee mkonga wa simu.

"Mbona kimya?"

"Laini ina hitilafu, Baba. Nitaiangalia kesho."

Alitarajia kutaniwa. Badala yake mzee alimpigapiga begani. "Usijilaumu, umejitahidi. Yule mtu hana haraka, hata kesho yupo."

Fundi alijiona mtu mbaya kabisa. Matusi angeyavumilia, kuhurumiwa kulimshinda. Alifungua tena kifuniko, akaubana waya wa pili. Mlio ukasikika, uso wa mzee ukachangamka, naye fundi akapiga magoti kando ya kitanda kabla ujasiri haujamtoka.

"Baba, hayupo. Amefariki, leo siku ya kumi. Mwaka mzima ungeweza kuongea naye. Ni mimi niliyekunyima."

Mzee alibaki na mkonga sikioni. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta. Fundi alisubiri laana; alihisi anaistahili, hata angeshukuru kuipata.

"Siku kumi," mzee alisema. "Shemeji yangu, mjane wake, kakaa na msiba siku kumi, hajasikia neno langu hata moja. Piga hiyo namba."

"Baba, kifua chako..."

"Piga. Na usitoke hapa. Nikishindwa kusema kwa nini nimechelewa, utamwambia wewe."

Mzee akaanza kutaja namba, moja moja, na fundi akabonyeza.