Vigingi vya Laga

Vigingi arobaini na viwili, vyote vimepakwa rangi nyeupe kichwani, vilikuwa vimesimama katikati ya laga kama wageni waliokosea nyumba ya harusi. Akeno alivitazama kutoka ukingoni, akashusha pumzi, kisha akavitazama upya, maana mara ya kwanza alidhani jua la Kakuma linamchezea. Halikuwa jua. Soko jipya la akina mama, lile walilolipanga wenyewe kwa siku mbili nzima, lilikuwa limepimwa ndani ya laga hiyo, mkondo mkavu ambao kila mvua ikinyesha milimani hujaa maji hadi kifuani mwa ngamia.

"Ejok," akasalimia Nyachuol nyuma yake. Nyachuol alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza chai pembeni mwa soko, na birika lake jeusi halikumtoka mkononi.

"Ejok gani, dada? Huoni?"

"Nimeona tangu asubuhi. Nikasema labda mradi unataka kutufundisha kufuga samaki."

Akeno hakucheka. Ilikuwa Septemba 2013, na mvua za Oktoba zilikuwa karibu. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Mradi wa Soko Letu umwajiri kwa mkataba mfupi awe karani wake hapa Kakuma. Alikuwa na diploma ya maendeleo ya jamii, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwauliza watu wanataka soko lao liwe wapi na likue kuelekea wapi. Naye, maskini, aliamini kwamba anayeuliza huwa anataka jibu.

Aliuliza, wakajibu. Waturkana wauza makaa na maziwa, na wakimbizi wauza unga na chai, walikaa chini pamoja na kuuchora mji ardhini. Makaa yalikuwa barabara. Majivu yalikuwa laga. Kila punje ya mavi ya mbuzi ilikuwa kibanda cha mtu, na mwenyewe aliiweka kwa mkono wake. Walichora wakiwa wameelekea macheo, kwa kuwa hapa mahali hutajwa kufuatana na jua linakotoka. Mzee Lokuruka, mwenyekiti wa soko, aliketi juu ya ekicholong, kigoda chake kidogo cha kutembea nacho, akabishana nao asubuhi nzima kwa sababu alitaka mbuzi wauzwe karibu na unga. Akashindwa. Mwishowe vibanda vyote vikawekwa juu ya kiinuko, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo maji ya mwaka juzi hayakufika.

Asubuhi iliyofuata akaja Omollo, afisa mipango wa mradi, kutoka Lodwar. Alitaka kuipiga picha ile ramani, jua likampiga machoni, akazunguka akasimama upande wa pili. Akeno alimwona akizunguka. Hakufikiria lolote. Sasa, akiwa amesimama ukingoni mwa laga, alifikiria.

Kesho yake alikuwa Kanamkemer, Lodwar, zilipo ofisi za mradi. Wa mlango wa kwanza alimpeleka kwa wa mlango wa pili. Wa mlango wa pili alikuwa ametoka kwenda kula, saa nne asubuhi. Wa mlango wa tatu aliisoma barua yake ya malalamiko hadi chini, akamwambia aiandike tena kwa Kiingereza, kisha aipeleke mlango wa kwanza. Ilipofika saa nane, Akeno aliachana na milango akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Omollo.

"Hii ndiyo picha uliyopiga?"

"Ndiyo hiyo. Kuna nini, Akeno?"

"Umeishika kichwa chini."

Omollo akatabasamu kama mwalimu. "Kaskazini huwa juu, dada yangu. Ramani zote duniani."

"Ile haikuwa na kaskazini. Ilikuwa na jua." Akaigeuza picha mezani. "Wewe ulilipa jua mgongo, ukaiona ramani kinyume. Ndiyo maana umewavusha barabara akina mama wote ukawatia lagani. Na haya majivu?"

"Si njia ya mbuzi?"

"Ni mto, Omollo!"

Omollo akaigeuza picha, kisha akaigeuza tena. Akeno akamwona akielewa. Aliona kabisa, na kwa dakika moja akadhani kazi imekwisha.

"Pale nilienda mwenyewe," Omollo akasema polepole. "Pakavu. Ramani ya upimaji inasema ni eneo wazi."

"Ulienda mwezi gani?"

"Agosti."

"Agosti! Hata ziwa ungelikuta limekauka kama ungelitazama kwa macho hayo."

"Sikiza. Mpango umeshatiwa sahihi. Ijumaa mgeni rasmi anatoka Nairobi kukata utepe. Tutarekebisha awamu ya pili."

"Awamu ya pili itawakuta watu wako wapi? Todonyang, kule ziwani, wakivuliwa kwa nyavu?"

"Leta malalamiko kwa maandishi," Omollo akasema, akaanza kutafuta kitu kwenye droo ambayo Akeno aliiona haina kitu.

Aliporudi Kakuma aliwakusanya akina mama palepale walipokuwa wamechora. Akapiga magoti, akawaeleza yote, hata lile la kumwona Omollo akizunguka na yeye akanyamaza. "Kwa hilo mnisamehe," akawaambia. "Macho yalikuwa yangu."

Mama mmoja muuza makaa akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya kwao, na jambo hilo likaishia hapo.

"Tuwangoje wageni," akasema Mzee Lokuruka. "Tuongee nao kwa adabu."

"Mzee, wakishakata utepe, kalas, yamekwisha," Nyachuol akajibu. "Lagani ndipo kwetu. Mvua ikija, mimi na birika tutaonana tena Ziwa Turkana."

"Wewe una maneno mengi, mwanamke."

"Na wewe una kigoda. Kila mtu na chake."

Ijumaa saa mbili asubuhi Omollo alimwagiza Nyachuol chai ya watu hamsini. Nyachuol akamwambia hana kuni. Akina mama wauza kuni wamekuja kwenye sherehe, hawakuchanja. "Basi tafuta popote," Omollo akasema, akaondoka na gari kwenda kumpokea mgeni kwenye uwanja wa ndege.

Akeno alilisikia neno hilo, popote. Jua likiwaka, watu wote wakitazama, aliteremka lagani akashika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili. Kilitoka kirahisi mno, kikamtia hasira zaidi: hata kushika hakikushika. Akang'oa cha pili. Akina mama wakamfuata. Mzee Lokuruka alibaki ameketi ukingoni akitikisa kichwa, kisha akainuka, akabana kigoda kwapani, akakiendea kigingi kimoja kilichokwama jiweni na kukitikisa hadi kikatoka.

"Chai ya wazee ichemke vizuri," akasema, akakitupa kigingi kwenye moto wa Nyachuol.

Mgeni rasmi alipowasili alikabidhiwa kikombe. Akakisifu. Omollo, jasho likimtiririka, alitazama laga, akamtazama Akeno, akatazama tena laga.

"Vigingi viko wapi?" akanong'ona.

"Mmevinywa, bosi," Nyachuol akajibu. "Na sukari."

"Na soko? Nimwonyeshe nini huyu?"

Akeno akamwonyesha kwa kidole. Ng'ambo ya barabara, juu ya kiinuko, walisimama akina mama arobaini na wawili, kila mmoja mahali pa kibanda chake, Mturkana na mkimbizi bega kwa bega, shanga za hawa zikimeta na vitenge vya wale vikipepea. Mgeni akauliza kama lile ndilo soko. Hakungoja jibu la Omollo. Alivuka barabara, na kwa kuwa hapakuwa na kigingi cha kufungia utepe, akina mama wawili waliushika huku na huku, naye akaukata. Wapiga picha wakapiga picha. Safari hii hakuna aliyezunguka kulikwepa jua.

Jumatatu Akeno aliitwa Kanamkemer. Omollo alikuwa amekwisha kumchapia barua, nafasi ya sahihi tu ndiyo iliyobaki: kwamba ramani ya wananchi ilikuwa na kasoro, kwamba mradi ulilihamisha soko kwa hekima yake, na kwamba karani anaomba radhi kwa kuharibu mali.

"Tia sahihi, Akeno. Mkataba wako unaisha mwezi huu, nami ndiye ninayependekeza nani aendelee. Soko mmelipata. Unapoteza nini?"

Akeno aliisoma mara mbili. Aliufikiria mshahara, akamfikiria mama yake, akaikumbuka ile punje ya mavi ya mbuzi ambayo Nyachuol aliisogeza mara nne kabla ya kuridhika. Barua hii ingekaa kwenye faili. Mradi mwingine ungekuja, ungeifungua, ungesoma kwamba watu wa Kakuma hawajui kuchora kwao.

Akaifunika kalamu, akailaza juu ya karatasi.

"Niliokuwa nimewakosea nimeshawaomba msamaha, nikiwa nimepiga magoti," akasema. "Wewe sikuombi."