Mikono ya Mpinzani

Kwenye ukumbi ule wa mazoezi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Nesi, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda, na alipostaafu hakumaliza hata wiki nyumbani kabla ya kuhamishia mkasi na bandeji zake kwenye ndondi. Aliyemvuta huko ni bintiye, bondia wa kulipwa aliyejulikana kwa jina la Pasi. Jina hilo binti alilipata kwa dobi, alikokuwa akinyoosha mashuka ya hoteli mchana kutwa kisha jioni akaenda kupiga begi la mchanga. Wenye midomo yao walisema hata ulingoni anawanyoosha wenzake vilevile. Mama mtu, ambaye mwanzoni aliapa kwamba piga ua hatakanyaga huko, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuicheka kauli hiyo.

Kilichomleta hasa ni mkono uliovunjika. Katika pambano lake la tisa, Pasi alifungwa bandeji na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kuzungumza na mapromota, na ilipofika raundi ya tatu mfupa mmoja wa kiganja ukakatika. Alimaliza pambano kwa mkono mmoja, akashindwa, akakaa mwaka mzima bila kupigana. Mama Nesi ndiye aliyeifungua bandeji ile. Alipoona ilivyofungwa alitoa tusi ambalo bintiye hakuwahi kudhani mama yake analijua. Tangu siku hiyo mikono ya Pasi haikuguswa na mtu mwingine. Mapambano kumi na tisa yalipita, na hakuna kidole kilichoteguka.

Sasa Pasi alikuwa na miaka thelathini na minne, na pambano la leo lilikuwa la mkanda. Aliwahi kuupigania mara moja akaukosa kwa pointi chache, na bondia wa umri ule hapewi nafasi ya tatu. Akishinda ni bingwa, akishindwa anarudi kwenye mashuka. Kila mtu chumbani alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyelitaja.

Kocha, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alifunga mlango na kueleza mpango. Mpinzani alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu aliyepigana mara kumi na moja, na mara kumi alimaliza kazi mapema kwa mkono wa kulia. Lakini kocha wake alilazwa hospitali siku mbili kabla ya safari, kwa hiyo amekuja na kaka yake tu. Kaka mwenyewe ni fundi bomba. Jana, kwenye mazoezi ya wazi, Kocha alimwona akimfunga dada yake mikono, na usiku kucha alilala akitabasamu.

"Anafunga mkono kama anaziba bomba linalovuja," alisema. "Yule binti akipiga kitu kigumu mara nne tano, mkono wa kulia umekwisha. Sasa raundi mbili za kwanza mpe paji la uso. Inamisha kichwa, apige mfupa. Raundi ya tatu hana mkono, tunammaliza."

Pasi aliitikia kwa kichwa huku akiruka kamba. Kocha akamgeukia Mama Nesi. Kanuni za ndondi zinataka kila upande upeleke mtu kwa wenzao akashuhudie mikono ikifungwa, asije mtu akaficha kitu ndani ya bandeji, na leo shahidi alikuwa yeye. Kocha akamsihi aende akaangalie tu. Kama hakuna kilichokatazwa atie saini yake na arudi. "Tafadhali, mama," akaongeza, "usiende kuwafundisha kazi."

Chumba cha wageni kilikuwa stoo ya viti vya plastiki iliyofagiliwa harakaharaka, na taa yake ilikuwa ikiwakawaka na kuzimika kama inayosinzia. Msimamizi wa pambano, mzee mwenye miwani, alisimama pembeni na kalamu yake. Binti alikuwa amekalia kiti kinyumenyume, mkono ameuweka juu ya egemeo, na kaka yake alikuwa akitokwa jasho kuliko atakayepigana. Alimwamkia Mama Nesi kwa heshima, akamsogezea kiti, akamwomba radhi mapema kwamba kazi hii si fani yake.

Hakuwa mwongo. Kifundo cha mkono alikizungushia bandeji na kukaza mpaka vidole vikaanza kubadilika rangi, halafu sehemu ya ngumi yenyewe, inayobeba kishindo chote, akaiwekea mizunguko miwili miembamba. Kidole gumba alikiacha kikielea. Mama Nesi aligeuza macho ukutani. Palibandikwa maelekezo ya kuzima moto, akayasoma yote kuanzia juu hadi chini, na alipomaliza hakujua hata moja lililoandikwa.

Alijiambia kwamba hayamhusu. Huyu ana kaka yake, ana kocha wake, ana mama yake huko alikotoka, na yeye anaye wake mmoja tu, anayesubiri mkanda chumba cha pili. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakumsaidia kitu. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kumwacha mtu atoke mlangoni kwake na bandeji mbovu, awe mlevi, awe mwizi, awe yule mke wa mganga mkuu aliyekuwa akimsengenya kila Jumatatu.

"Fumba ngumi," alimwambia binti. "Inakuaje?"

Binti alimtazama kaka yake kwanza, hakutaka kumwaibisha. "Gumba linacheza, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Na vidole vinakufa ganzi."

"Ifungue," Mama Nesi alimwambia fundi bomba.

Yule kijana alishtuka, akauliza kama kuna kosa.

"Kosa hakuna. Lete hapa."

Mzee wa miwani alikuna kidevu. Alisema kanuni inataka shahidi awepo. Haijasema shahidi afunge, wala haijakataza, na kama pande zote zimeridhika yeye hana neno. Fundi bomba aliridhika kiasi kwamba aliketi chini sakafuni kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mama Nesi alivuta kiti na kuanza upya. Kuna dakika moja, alipofika kwenye vifundo vya ngumi, shetani alimpitia. Angeweza kufunga nusunusu, vizuri kiasi cha kumdanganya fundi bomba na vibaya kiasi cha kumfaa Pasi, na hakuna ambaye angejua. Akamwambia binti atanue vidole, akamfunga kama alivyomfunga mwanawe saa moja iliyopita: tabaka kwa tabaka, akipita katikati ya kila kidole, gumba likakaa mahali pake, kifundo kikashikwa bila kunyongwa. Alipomaliza mkono wa pili, binti alipiga ngumi kwenye kiganja chake mwenyewe, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama Nesi aliusikia mlio ule, akaiomba kalamu ya mzee na kutia saini.

Aliporudi, Kocha aliuliza mambo yakoje. Alijibu kwamba ni halali na ameshatia saini, akainamia ndoo ya barafu ili asitazamane na mtu.

Kengele ilipolia, Pasi alifanya alivyoambiwa. Aliinamisha kichwa, na mkono wa kulia wa binti ukatua kwenye paji la uso, mara moja, mara mbili, na kila ulipotua Mama Nesi aliusikia kwenye meno yake. Mwishoni mwa raundi ya kwanza Kocha alisema kwa furaha kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mwishoni mwa raundi ya pili alisema bado kidogo. Mama Nesi alimkandamizia mwanawe barafu kwenye uvimbe mpaka kengele ikalia tena.

Raundi ya tatu Pasi alibadilika. Hakumpa tena mtu paji la uso. Alianza kuzunguka upande wake wa kulia, mbali na ule mkono wenye hatari, akimchokoza binti kwa mkono wa kushoto ulionyooka, anagusa na kuondoka, anagusa na kuondoka. Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akitaka kujua nani amemwambia aache mpango, na Pasi akawa kama kiziwi.

Katika raundi ya saba mkono ule ulimpata. Mama Nesi aliuona ukitoka, aliijua kila tabaka iliyokuwa ndani ya glovu ile, na aliona magoti ya mwanawe yakikunjika. Pasi alikaa sakafuni. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Mama mtu alishika kamba ya ulingo kwa mikono miwili, na hakuna kitu alichokitaka duniani isipokuwa kurudi kwenye ile stoo ya viti na kutazama ukuta. Tano. Sita. Nimemuua mwanangu kwa mikono yangu, alijiambia. Saba. Pasi alipiga goti moja, akavuta pumzi, akasimama ilipofika nane, akamtazama mwamuzi machoni na kumwonyesha glovu zake.

Raundi tatu zilizobaki zilisimuliwa muda mrefu na waliokuwepo. Binti wa watu hakurudi nyuma hata hatua moja, na Pasi hakumpa nafasi ya kutulia. Alimpiga huku akiondoka, akamkwepa kwa upana wa unywele, akamvuta kwenye kona na kutoka upande wa pili. Dakika ya mwisho ukumbi mzima ulikuwa umesimama, hata wauza maji waliacha kuuza. Majaji wawili walimpa Pasi, mmoja akampa mgeni. Mwamuzi aliuinua mkono wa Pasi, na binti alikuja kumkumbatia huku akilia.

Chumbani Mama Nesi alingoja Kocha atoke kwenda kuongea na waandishi. Pasi alikuwa ameketi juu ya meza, mkanda mapajani, jicho moja limevimba na kufumba kabisa. Mama alitoa mkasi ili amfungue bandeji, kisha akauweka chini.

"Mwanangu, kuna jambo nimekufanyia."

"Najua," Pasi alisema. "Nilijua raundi ya pili. Alinipiga mfupa ngumi tatu mfululizo na hakukunja uso hata mara moja. Mtu aliyefungwa na fundi bomba hapigi vile. Nikasema, mama huyo."

Mama Nesi alimwuliza kwa nini hakumwambia Kocha. Pasi alicheka, akajishika mbavu kwa maumivu. "Angekufukuza kwenye kona. Jicho langu nani angelipoza?" Kisha akaacha kucheka. "Mama, niliitikia ule mpango kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilipoangushwa pale chini nikajua hii ndiyo ngumi yake yote, hana nyingine kubwa zaidi. Na nikaamka. Ningemshinda akiwa amevunjika mkono, kila nikiuvaa huu mkanda ningemfikiria yeye. Sasa nitauvaa mpaka kwenye harusi za watu."

Mama Nesi alilia. Hakujificha wala hakutafuta kitambaa. Alisimama katikati ya chumba na kulia kwa fahari ya kumzaa mtu wa namna hii. Ndivyo Kocha alivyomkuta alipoingia, na kwa kuwa alikuwa na lake moyoni hakuuliza kulikoni.

"Yule fundi bomba ametudanganya," alisema huku akirusha taulo. "Ule mkono umefungwa na mtu anayejua kazi yake."

"Ndiyo," Mama Nesi alisema, akauokota mkasi na kuanza kumfungua Pasi bandeji. "Nimeufunga mimi."