Chai ya Mnara

Umeme alikuwa na mazoea ambayo wenzake hospitalini waliyacheka. Siku moja kabla ya kila upasuaji alipanda wodini, akavuta kiti, akamuuliza mgonjwa: "Nyumbani wanakuamshaje?"

Jina la Umeme alipewa kwa sababu ya kazi yake. Hashiki kisu, hatoi dawa. Mgonjwa akishalala, yeye humchoma sindano nyembamba zenye nyaya kichwani, mikononi na miguuni, kisha hukaa nyuma ya mashine yake pembeni mwa chumba. Anarusha umeme kidogo kichwani na kusubiri ufike miguuni. Ukifika, skrini inachora wimbi. Usipofika, kuna mahali njia imebanwa. Basi wenzake wakikata na kushona, yeye kutwa anauliza swali moja bila kufungua mdomo: miguu, mpo?

Safari hii mgonjwa alikuwa binti wa shule, mgongo umempinda hadi bega moja limeshuka. Alikaa kitandani akitafuna kucha. Bibi yake, kando yake, alikuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Kwani nyie ndio mtaniamsha?" binti akauliza.

"Huenda. Mgongo tunaunyoosha kwa vyuma, na ukivutwa sana mguu unaweza kugoma. Ukigoma tukakosa sababu, tunakuamsha kidogo katikati ya kazi. Tunakwambia sogeza vidole vya miguu, unasogeza, unalala tena. Dawa ya maumivu inakuwepo. Wengi hata hawakumbuki."

"Na nisiposogeza?"

Umeme hakuzoea kupaka maneno asali. "Tunavitoa vile vyuma haraka na kumwomba Mungu."

"We baba nawe!" bibi akafoka. "Mtoto ana hofu zake, unamwongezea?"

"Ameuliza, mama."

"Mwache, bibi," binti akasema. "Wengine wote wananichekea chekea tu. Huyu angalau anasema."

Bibi akaguna, akaiweka nguo chini. "Haya, sikiliza. Huyu kumwamsha ni kazi. Ukimwita jina lake anageukia ukutani. Ukimtingisha anavuta shuka. Shuleni wanamwita Ndoana, kwa huo mgongo. Mimi namwita Mnara. Basi asubuhi nasimama mlangoni, nasema: Mnaraaa! Chai inaisha, mie naimalizia! Hapo jicho linafunguka lenyewe."

"Kwa sababu kweli unaimaliza," binti akasema.

Umeme akajaribu. "Mnara, chai inaisha."

"Ndiyo nini hiyo? Unaita kama askari wa zamu! Vuta, baba. Mnaraaa!"

Akavuta. Wodi nzima ikacheka, na binti naye akacheka, mkono mdomoni.

Alipotoka, bibi alimfuata hadi kwenye korido, akamshika kifundo cha mkono. Macho yake hayakuwa na mzaha tena.

"Yeye hakutaka," akasema. "Mimi ndiye niliyembembeleza wee mpaka akakubali. Nilimwona usiku halali kwa maumivu. Lakini anatembea, baba. Na mgongo wake huo huo, anatembea. Nisije nikamwingiza humo kwa miguu yake nikamtoa bila miguu."

Umeme akampapasa mkono wake, akaenda zake.

Kesho yake kazi ilikwenda vizuri mpaka chuma cha pili kilipovutwa. Wimbi la mguu wa kushoto likapungua, likapungua tena, likawa mstari mtupu.

"Bosi, simama hapo," Umeme akasema. "Kushoto kumezima."

Daktari wa upasuaji, ambaye wote walimwita Bosi, hakuinua kichwa. "Angalia nyaya zako kwanza."

Umeme akatambaa chini ya meza, akagusa sindano moja moja. Zote zilikuwa mahali pake. "Nyaya ni nzima."

Bosi akalegeza chuma. Daktari wa usingizi, mwanamke mpole ambaye Umeme alimwita Dada, akapandisha presha ili damu ifike vizuri mgongoni. Wakangoja. Kulia kulichora mawimbi kama kawaida. Kushoto, kimya.

"Tumwamshe," Bosi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Dada akapunguza dawa. Binti alilala kifudifudi, uso ndani ya mto wenye tundu. Muuguzi akafunua miguu, akasimama akiikodolea macho. Dada akaushika mkono wa binti, akamwita jina lake, sikioni.

"Bana mkono wangu. Unanisikia? Bana mkono."

Hakuna kitu. Akaita tena. Hakuna.

"Niipunguze zaidi?" akajiuliza kwa sauti. "Akizinduka ghafla atajitupa, na mgongo uko wazi."

"Usipunguze," Umeme akasema. "Nipishe kidogo, Dada."

Akapiga magoti chini ya mashuka ya kijani, uso wake karibu na uso wa binti. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na Bosi, ambaye ndiye mkuu wa idara, alikuwa anasikiliza. Akavuta pumzi.

"Mnaraaa! Chai inaisha, mie naimalizia!"

Dada akauinamia mkono alioushika.

"Amebana!" Dada akasema. "Amenibana mkono!"

"Mnara, sogeza vidole vya miguu. Miguu yote miwili."

"Wa kulia umesogea," muuguzi akasema.

"Na wa kushoto?"

"Bado."

Umeme akafumba macho. Akamwona yule bibi na nguo zake. Akasema taratibu, kama mtu aliye mlangoni asubuhi, "Mnara. Na huo wa kushoto mama, usiuache nyuma. Kikombe chako nimekushikia."

Muuguzi akainama karibu na unyayo.

"Kidole gumba," muuguzi akasema. Kisha akapiga kelele: "Kidole gumba kimesogea! Tena! Na vingine!"

"Mlaze," Bosi akasema upesi. Dada akarudisha dawa. Umeme akarudi kwenye mashine yake. Baada ya muda wimbi la kushoto likajitokeza, dogo, kama mtu anayechungulia mlango wa jirani.

"Sivuti tena," Bosi akasema. "Nafunga hapa hapa. Utabaki mpindo kidogo."

"Acha ubaki."

"Halafu hiyo chai, Umeme, utatununulia sote."

Kwenye korido bibi alipomwona alisimama, akakaa tena.

"Miguu?"

"Ipo yote. Wa kushoto umechoka kidogo, utarudi. Lakini mgongo haukunyooka wote, mama. Tungevuta zaidi tungeupoteza mguu."

"Nani alisema unyooke wote?" Akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Akauliza humo humo ndani, "Mlimwamsha?"

"Tulimwamsha."

"Ukamwita nilivyokufundisha?"

"Nilimwita."

"Ukavuta?"

"Nilivuta, mama."

Bibi akacheka na kulia kwa pamoja, akimpiga piga gotini.

Asubuhi iliyofuata Umeme alipita wodini kabla ya kuanza kazi. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Binti alikuwa macho, midomo imemkauka.

Umeme akaweka kiganja chake kwenye unyayo wa kushoto. "Sukuma."

Akasukuma. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini alisukuma.

"Nimeota," binti akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Bibi ananinywea chai. Halafu ana sauti nene, kama ya mzee mwenye mafua."

"Ndoto za dawa hizo."

"Aliimaliza?"

Muuguzi alikuwa ameshamruhusu kunywa kidogo kidogo. Umeme akachukua chupa ya chai iliyokuwa mezani, akaitingisha. Ilikuwa nusu.

"Kakubakizia," akasema.

Akamimina kwenye kikombe, akapoza, akamnywesha kwa kijiko taratibu bila kumwamsha bibi. Kila kijiko alikitazama kikifika mdomoni, kisha akageuka kidogo kutazama chini ya shuka, ambako vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vikijichezea vyenyewe.