Kinywaji cha Alabo

Marehemu Opubo aliiita mashine ya boti yake Alabo, yaani Chifu, kwa sababu haikuwahi kuamka bila kubembelezwa. Alipofariki aliacha mjane mmoja, boti moja na huyo Alabo, na ghafla ukoo mzima ukagundua kwamba unampenda sana Alabo. Aliyempenda kuliko wote alikuwa Dawari, mdogo wa marehemu, mwenye tumbo la kiongozi na viatu visivyojua tope.

“Mwanamke atafanya nini na mashine?” Dawari aliuliza katika kikao cha kumaliza msiba.

“Ataiendesha,” Ibiso, mjane, akamjibu. “Au ulidhani nitaitia kwenye supu?”

Shangazi Belema, mkubwa wa ukoo, akagonga sakafu kwa mwavuli wake. Chombo ni cha anayekiweza, alisema. Siku ya soko, Ibiso ataendesha boti mpaka sokoni ng’ambo na kurudi, na yeye Shangazi atakuwamo ndani kushuhudia. Akirudi, Alabo ni wake. Akikwama, Dawari amchukue Alabo.

Ibiso aliishi kwa kupeleka kamba wakavu sokoni. Bila boti angelazimika kurudi nyumbani kwa kaka yake, ambako wifi yake alihesabu vijiko vya sukari kwa sauti. Kwa hiyo alijifunza kwa pupa ya mtu anayekimbia moto. Alivuta kamba ya kuwashia mpaka kiwiko kikavimba. Aliifurikisha mashine kwa mafuta, akasahau kufungua tundu la hewa la tangi, akaiwasha ikiwa imeingizwa gia na kumlowesha mchungaji aliyekuwa akipita zake. Hatimaye alijua kutazama, kila inapowaka, kama kile kijito chembamba cha maji ya kupoozea kinaruka nyuma, maana mashine isiyokojoa huungua.

Siku ilipofika, Dawari alikuja na chupa ya gongo. Hilo halikumshangaza mtu, kwani hakuna boti iliyoondoka pale bila mto kupewa chake. Akamimina kidogo majini, akamkumbuka kaka yake kwa kidogo kingine, kisha akajikumbuka mwenyewe kwa kingi.

“Na Alabo je?” akasema. “Kaka hakuondoka hata siku moja bila kumnywesha.”

Tangi lilikuwa wazi, kwa kuwa Ibiso alikuwa ndiyo kwanza ameongeza petroli iliyochanganywa na oili. Kabla hajafumba mdomo wa tangi, Dawari alikwisha kumimina nusu ya chupa. Ibiso akasita. Alikuwa amemwona mumewe akiinyunyizia mashine kinywaji, lakini juu ya kifuniko chake cha nje, tena matone tu. Hata hivyo alikuwa mgeni katika mambo hayo, na pengine mume huwa na siri na mashine yake. Akafunga tangi, na Dawari akapanda botini pamoja nao.

Alabo aliwaka kwa mvuto wa pili, akakojoa vizuri, akaenda kwa fahari mpaka katikati ya mkondo. Hapo akakohoa, akatetemeka, akazimika.

Maji yalikuwa yameanza kupwa, nayo yaliisukuma boti kuelekea ukingo wa tope chini ya mikoko. Kukwama pale ni kulala pale.

“Plagi!” Dawari akapiga kelele, akiinyakua kamba. Akavuta. “Hapana, ni hewa!” Akavuta tena. “Pangaboi limenasa!”

“Dawari, mwanangu,” Shangazi Belema akasema chini ya mwavuli, “ungekuwa daktari, tungekwisha sote.”

“Keti, shemeji,” Ibiso akasema. “Unaifurikisha.”

Akaketi kwa kukosa pumzi. Ibiso akafungua plagi, akaifuta, akaigusisha na chuma cha mashine na kuvuta kamba. Cheche ya buluu ikaruka. Moto ulikuwepo, basi ugonjwa ulikuwa tumboni. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye mashine, akautumbukiza katika chupa tupu ya maji, akaminya kile kipira cha kusukumia mafuta. Chupa ikajaa vitu viwili visivyotaka kuchanganyika: juu petroli yenye rangi ya oili, chini kimiminika cheupe chenye ukungu.

“Shangazi, hebu nusa.”

Shangazi akanusa, akafumba macho kama anayekumbuka. “Gongo,” akasema. “Tena ile mbovu.”

Dawari akautazama mto kama aliyeuona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Ibiso aliendelea kuminya, akichota uchafu wa chini mwa tangi mpaka ikatoka petroli tupu. Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akaimwaga gongo iliyosalia humo, akakaza, akarudisha mpira. Mikoko ilikuwa imekaribia kiasi cha kuonyesha chaza kwenye mizizi. Alivuta mara nyingi, akamwita Alabo kwa majina ambayo kwaya yake haikuyajua. Alabo akatapika moshi, akanguruma.

“Shemeji,” Dawari akanong’ona, “tukifika tuseme ulikuwa uchafu tu.”

“Uchafu wa nani?” Ibiso akauliza, akielekeza boti sokoni.

Walifika ng’ambo, wakageuka, wakarudi huku pangaboi likikwaruza mchanga wa gati. Nusu ya ukoo ilikuwa ikingoja. Kabla boti haijafungwa, Dawari alisimama na kupaza sauti: “Mashine ni ya shemeji yangu! Mimi sitaki chombo kinacholewa kabla yangu!”

“Chombo kama hicho hakijatengenezwa bado,” Shangazi Belema akasema, na watu wakaangua kicheko.

Ibiso hakucheka. Alikuwa ameinama nyuma ya boti, akimwagiza mtu yeyote amletee ndoo ya maji matamu upesi, kwa sababu Alabo alikuwa ametoka katika maji ya chumvi, na kumsafisha sasa ilikuwa kazi ya mwenye mali, yaani yeye Ibiso.